Meza ya Waliokaa

Nina redio moja ya kaseti ambayo mke wangu amenitishia mara nyingi kuitupa. Kifuniko cha betri kilipotea zamani, betri zenyewe zimefungwa kwa kipande cha mpira wa baiskeli, na kitufe cha kurekodi ukikibonyeza hakirudi mpaka ukivute kwa ukucha. Nilikuja nayo kutoka Kenya nilipofika Kampala kutafuta kazi, miaka michache baada ya vita kwisha, na kwa muda mrefu niliamini kwamba ndicho kitu pekee nyumbani mwangu kisichojua kusema uongo. Naandika haya kwa sababu ilisema uongo, na mimi nikaubeba uongo huo mpaka mbele ya mzee wa watu, nikampa ausikilize.

Kazi niliipata kwenye kiwanda kidogo cha mikate. Nilikuwa mtu wa tanuri. Siku hizo betri zilikuwa adimu mjini, na hata ukizipata zilikuwa zimelala dukani mpaka zimechoka. Watu walizianika juu ya bati zipigwe jua, zipate uhai kidogo. Sisi wa kiwandani tulikuwa na njia yetu: tulizipanga juu ya tanuri, upande ule tulioweka unga uliokandwa ili uumuke, mahali penye joto lisilounguza. Zikitoka hapo zilifanya kazi saa moja, saa mbili, kisha zikazimia. Waganda betri huziita manda, jina lile lile la makaa, na sisi sote tuliziita hivyo. Majirani waliniletea zao kwenye vikopo, na mtu alinisimamisha njiani asubuhi akaniuliza, bila hata salamu, "Manda yangu imeiva?"

Siku yangu ilikuwa Jumapili. Namuwongo, upande wa juu wa reli, kulikuwa na baa yenye ua wa saruji na jukwaa la mbao, na kila Jumapili saa tisa alasiri bendi ilianza kupiga. Lilikuwa dansi la mchana, maana watu walikuwa bado na mazoea ya vita ya kutaka giza liwakute nyumbani. Magita matatu ya umeme, ngoma, saksafoni moja, na mwimbaji ambaye hata wakati huo hakuwa kijana. Alikuwa mrefu, mkavu, suruali ameivutia juu ya kitovu, na aliimba mkono mmoja ukiwa nyuma mgongoni kama mwalimu anayepita kukagua madaftari.

Mke wangu nilimpata pale. Baba yake alikuwa polisi, mtu wa kaskazini aliyekwenda kanisani kila Jumapili, na mama yake alikuwa Mwislamu aliyefunga mwezi mzima bila kumkera mtu. Kwao, kwenye nyumba za polisi, Kiswahili ndicho kilichokuwa lugha ya jikoni. Ila mjini miaka ile kukisema Kiswahili kulikuwa na kazi yake. Watu walikuwa wamekisikia mno kwenye vizuizi vya barabarani, kutoka kwa wenye bunduki. Mimi nilikuwa mgeni, nikafika sokoni nikauliza nyanya bei gani, na mama mwuzaji akanitazama kama nimemwamuru alale kifudifudi. Mke wangu aliujua mtazamo huo tangu utotoni. Lakini pale kwenye dansi yule mzee aliimba wimbo mmoja kwa Kiganda, akaimba unaofuata kwa Kiswahili, na hakuna aliyeshtuka. Watu walicheza tu. Aliniambia baadaye kwamba hapo ndipo mahali pa kwanza aliposikia lugha ya mama yake ikiimbwa mjini na watu wakatabasamu, na mimi naamini ndiyo sababu alimpenda mzee yule kuliko tulivyompenda sisi wengine.

Wimbo wa mwisho ulikuwa ule ule kila Jumapili. Unamhusu mtu anayerudi kwao baada ya miaka mingi, anakuta mlango umefungwa, anamwita mama yake. Pale kwenye kuita, magita yote yalinyamaza, ngoma ikanyamaza, ikabaki sauti ya mzee peke yake, "Maamaa," ikipanda, ikikaa huko juu muda ambao wewe mwenyewe ulishindwa kupumua. Na sisi tulikuwa na desturi yetu. Sauti ilipoanza kupanda, ua mzima ulisimama. Uliweka chini glasi, uliacha mkono wa uliyecheza naye, ukasimama wima bila neno hadi amalize. Sijui nani aliianzisha. Nilipofika niliikuta. Mama mwenye baa, ambaye hakuacha kufungua soda hata mvua ilipompiga, aliacha kufungua soda.

Mwaka wangu wa pili nilikwenda na redio. Nilichukua betri kutoka juu ya tanuri zikiwa bado vuguvugu, nikaiweka redio mezani karibu na jukwaa, nikarekodi dansi kuanzia nyimbo za kati mpaka ule wa mwisho. Ilinasa kila kitu: magita, vicheko, viti vikiburutwa watu walipokuwa wakisimama, kisha ile sauti. Na baada ya makofi, mwisho kabisa, inasikika sauti ya msichana karibu na redio, nyembamba, ya haraka haraka, ikisema, "Zima bwana, manda inaisha!" halafu kicheko. Huyo ndiye aliyekuja kuwa mke wangu.

Kanda ile ikawa mali. Watu walikuja nyumbani kuisikiliza, na nilipopata redio ya pili ya kuazima nilianza kuwatolea nakala. Baada ya miaka michache karibu kila meza pale Namuwongo ilikuwa na mtu mwenye kanda yangu, na wengine walimfahamu mzee kwa kanda kabla hawajamwona kwa macho. Nilijisikia mtu mkubwa. Bendi yenyewe haikuwahi kuingia studio. Ukitaka kujua walivyokuwa enzi zao, ulikuja kwangu.

Miaka ikaenda. Tukazaa, tukahamia upande wa Lubaga, betri zikajaa madukani, na bendi ikazeeka. Mpiga saksafoni alifariki na hawakutafuta mwingine. Mpiga gita la solo alirudi kwao, wakamchukua kijana hodari lakini mgeni. Mzee sasa aliwekewa kigoda jukwaani, akawa anakaa kati ya wimbo na wimbo, na Jumapili nyingine alisahau ubeti wa pili akarudia wa kwanza kwa uso mkavu kana kwamba ndivyo wimbo ulivyoandikwa. Hapo ndipo mabishano yalipoanza.

Wapenzi wa muziki hawana dogo. Tulibishana kuhusu ngoma, kama imepungua kasi au ni magoti yetu. Tulibishana kama gita la kijana linasema au linapiga kelele tu. Lakini ubishi wote uliishia pale pale, kwenye ile "Maamaa" ya mwisho. Mimi nilisema imeshuka. Nilikuwa na hakika. Jumapili niliisikia jukwaani, Jumatatu niliisikia kwenye kanda, na tofauti ilikuwa wazi kama tofauti ya mtoto na baba yake.

Mpinzani wangu mkubwa alikuwa shemeji yangu, kaka wa mke wangu, polisi kama baba yake, mtu mpana mwenye sauti ya kuamrisha gwaride.

"Wewe Mkenya, kanda imekuloga," aliniambia. "Mimi nasikia mutu. Wewe nasikia redio."

"Redio haizeeki, shemeji."

"Ndiyo maana haina akili!"

Meza nzima ikacheka, na mimi nikazidi kukasirika. Nina kichwa kigumu, sikatai. Kiwandani nilikwisha pandishwa cheo nikawa mtu wa mizani, na mkate usiotimia uzito sikuuacha utoke hata kama ni wa askofu. Niliona aibu kusimama kwa heshima ya sauti ambayo haikutimia. Basi Jumapili moja, magita yaliponyamaza na ua ukasimama, mimi nilikaa. Nilikunja mikono nikatazama meza. Mke wangu alisimama pembeni yangu, akanikanyaga mguu, nikajifanya sikuhisi.

Jumapili iliyofuata tulikaa wawili. Kisha sita. Wenye nakala za kanda yangu walianza kunielewa, na baada ya miezi michache ua ulikuwa umegawanyika: waliosimama upande wa shemeji, waliokaa upande wangu. Meza yetu iliitwa meza ya waliokaa. Ikawa kama kura, kila wiki, mbele ya macho ya mtu mwenyewe. Kwa sababu mzee alituona. Jukwaa lilikuwa juu, na wakati huo wa kuita alikuwa haangalii gita wala ngoma, anaangalia watu.

Mama mwenye baa naye alikuwa anatuangalia. Siku moja alikuja mezani kwetu, mikono kiunoni. "Nyinyi banaume na kerere yenu," alisema, "mimi kwangu ni biashara. Nusu ya watu wakikaa, naleta vijana na kinanda yao. Nimemwambia muzee hivyo hivyo." Alisema bila ubaya, na mzee alijua, na sisi sote tulijua. Kila Jumapili kuanzia hapo hukumu ilikuwa ni kama atabaki au ataondoka.

Ungefikiri hilo lilinipoza. Halikunipoza. Nilijiambia kwamba ukweli ni ukweli.

Nyumbani mke wangu hakuisema hukumu hiyo, alisema kuhusu kanda. Kila ilipofika mwisho, ile sauti nyembamba ikasema manda inaisha, aliguna. "Hiyo si sauti yangu."

"Ni yako. Ulikuwa kijana."

"Hata nilipokuwa kijana. Mimi niko na sauti ya kifaranga hivyo?"

Nilimjibu kwamba hakuna mtu anayeijua sauti yake mwenyewe. Nilikuwa nimelisikia hilo mahali fulani na lilinipendeza. Yeye ana sauti nzito, ya chini, sauti ya mtu anayeita watoto kutoka ng'ambo ya bonde. Nilikuwa naisikia kila siku, na kila siku sikuisikia.

Basi tukakubaliana na shemeji kumaliza ubishi. Jumapili moja ningekuja na redio na kanda, tuisikilize mezani wakati bendi imepumzika, kisha tumsikie mzee mwenyewe wakati ule ule, masikio yakiwa bado na moto wake. Nilinunua betri mpya kabisa ili asiwepo wa kusema redio yangu imechoka. Nilizifunga kwa mpira, nikaijaribu nyumbani. Ililia safi.

Wakati wa mapumziko mzee alikuwa na kawaida ya kupita kwenye meza za wateja wake wa zamani akiwa na kikombe cha chai ya tangawizi. Alikaa dakika mbili hapa, dakika tatu pale, aliulizia habari za watoto. Hata kwenye meza yetu alipita. Sikuwa nimepanga aisikie. Hilo naliapia. Lakini wimbo ulikuwa unaelekea kwenye kuita, watu wameinama kuizunguka redio, na nilipoinua kichwa nilimwona amesimama nyuma ya kiti cha mke wangu, kikombe mkononi.

Sauti ikapanda. Ikakaa. Ikamaliza.

"Huyo ni nani?" aliuliza.

"Ni wewe, mzee," nilisema. "Miaka ile."

"Mimi?" Alicheka kidogo. "Rudisha nyuma."

Nikarudisha. Alisikiliza amefumba macho, na nikaona koo lake likitembea, kama anaijaribu kimyakimya. Sauti nyembamba ya mwisho ikasema manda inaisha, ikacheka, nikazima. Hakuna aliyecheka mezani. Mzee aliweka kikombe chake chini, chai ikiwa bado nusu.

"Kumbe nilikuwa hivyo," alisema. "Basi muko na haki ya kukaa."

Alipanda jukwaani. Nyimbo zilipigwa kama kawaida, na ulipofika wa mwisho nilimwona akimwinamia mpiga solo na kumnong'oneza. Kijana akamtazama, akatikisa kichwa, akasema kitu. Mzee akarudia. Kijana akasogeza mkono wake juu kwenye shingo ya gita, na wimbo ukaanza mahali ambapo sikuwahi kuusikia ukianza, juu zaidi, na moyo wangu ukaruka kwa furaha maana nilijua anakwenda wapi. Alikuwa anaitafuta sauti ya kwenye kanda.

Magita yakanyamaza. Watu wakaanza kusimama, hata wa meza yetu wengine waliinuka. "Maa," aliita, ikapanda, ikapanda tena, kisha ikakatika. Haikushuka wala kutetemeka. Ilikatika tu, ikabaki pumzi kwenye kipaza sauti. Alijaribu mara ya pili na ikakatika chini zaidi. Waliokuwa wamesimama walianza kukaa mmoja mmoja, polepole, kwa haya, na viti vikawa vinalia kwenye saruji. Mwishowe walibaki wima watu wawili ua mzima, shemeji yangu na mke wangu. Mzee aliinamisha kichwa kwao, akaweka kipaza sauti juu ya kigoda, akachukua koti lake akapitia mlango wa jikoni.

Jumapili iliyofuata tulikuta vijana na kinanda.

Nitasema ninavyokumbuka, maana siandiki ili nionekane mwema. Jioni ile nilifurahi. Nilikuwa nimeshinda. Furaha ilidumu kutoka Namuwongo mpaka mlangoni kwetu, kisha mke wangu akafungua mlango akaingia na kuniacha nje, akakaa mpaka Alhamisi bila kunisemesha zaidi ya chakula kiko tayari. Shemeji hakunilaumu kwa neno, lakini aliacha kuniita Mkenya. Aliniita shemeji, kwa adabu kabisa, na hilo liliniuma zaidi. Dansi likafa kwangu. Nilikwenda mara mbili tatu, nikaona kila mtu anakaa tangu mwanzo mpaka mwisho, hakuna cha kumfanya mtu asimame.

Ikapita miaka minne. Jumamosi moja mchana umeme ulikatika, kama ulivyozoea, na mke wangu alikuwa anapanga nguo na anataka sauti ndani ya nyumba. Redio ile ilikuwa juu ya kabati. Yeye ni mtu asiyetupa kitu. Kwenye kopo la jikoni alikuwa na betri zilizokufa za tochi, akaziweka dirishani zipigwe jua kama mama yake alivyofanya, baada ya muda akazifunga kwa mpira na kubonyeza. Kanda iliyokuwa ndani ilikuwa ile ile, imesimama karibu na mwisho.

Mimi nilikuwa nje nanyoa ndevu kwa kioo kilichotundikwa ukutani. Nikamsikia mke wangu ndani akisema, kwa sauti yake nzito ya kila siku, "Zima bwana, manda inaisha." Kisha akacheka.

"Nizime nini?" nilimjibu. "Mimi sijagusa kitu."

Alitokea mlangoni, shati langu mkononi, amekodoa macho.

"Si mimi," alisema. "Ni redio."

Niliingia na sabuni usoni. Akarudisha nyuma, akabonyeza tena. Kanda ilijivuta, betri hazikuwa na nguvu, na ndani yake alikuwa mke wangu mwenyewe, sauti ile ile ninayoamka nayo. "Umesikia?" alisema. "Hiyo ndiyo sauti yangu. Nimekwambia miaka hii yote."

Ilinichukua dakika nzima, nami ni mtu niliyeoka betri kwa mikono yangu. Siku ile ya kurekodi, manda zangu za tanuri zilianza vizuri, kisha zikaisha kidogo kidogo. Redio iliivuta kanda polepole, ikizidi kuchoka kadiri dansi lilivyokaribia mwisho. Na kila mara baada ya hapo tuliipiga kwa betri nzuri au kwa umeme, ikakimbia; leo tu, kwa betri zilizochoka vile vile, ilikwenda mwendo wake wa siku ile. Nyimbo za mwanzo hazikuharibika sana, ndiyo maana hakuna aliyeshuku. Ila wimbo wa mwisho ulikimbizwa, na sauti ikikimbizwa hupanda. Na pale mwisho kabisa msichana alikuwa anatuambia kwa mdomo wake kwamba betri zinakwisha, tukamcheka kwa miaka kumi na zaidi.

Tulirudisha mpaka kwenye wimbo. Mzee aliita mama yake. Ilikuwa sauti ile ile niliyoisikia kila Jumapili na kukunja mikono. Haikuwa imeshuka hata unywele. Nilikaa kitandani juu ya nguo zilizokunjwa, na nakiri nililia, sabuni ikaniingia machoni na sikujali.

"Osha uso," mke wangu alisema. "Tunakwenda leo."

Nyumba ya mzee nilielekezwa na shemeji. Alinitajia njia ya Kyebando kona kwa kona, maana alikuwa akimtembelea miaka yote hiyo na hakuwahi kuniambia. Nilichukua mkate mkubwa wa kiwandani, mke wangu akabeba redio kifuani kama mtoto mgonjwa, asije mtu akaigusa na kumaliza chembe ya uhai iliyobaki kwenye zile betri. Tulimkuta nyuma ya chumba chake anauza mafuta ya taa na sabuni kwenye kidirisha. Alikuwa na mvi zaidi. Suruali ilikuwa bado juu ya kitovu. Alimkumbatia mke wangu, mimi akanipa mkono.

"Mzee, nimekuja na kosa," nilisema, nikiwa bado sijakaa. "Kanda ile ilikuwa ya uongo."

Alinitazama bila kuelewa. Mke wangu aliweka redio juu ya kigoda uani, akapeleka kanda mwisho, akabonyeza. Sauti ikasema izimwe, manda inaisha. Naye papo hapo, amesimama mbele yake, akarudia maneno yale yale, "Zima bwana, manda inaisha," na sauti hizo mbili hazikuachana hata kidogo.

"Ile siku ulipoisikia kanda mezani Namuwongo, sauti yangu ilikuwa hivi?" alimuuliza.

"Hapana," mzee alisema. "Ilikuwa kama ya katoto." Nilianza kumweleza habari ya tanuri na betri na kanda kuvutwa, nikijikwaa, lakini hakuhitaji maneno mengi.

"Yaani mulinikimbiza," alisema.

"Tulikukimbiza, mzee."

"Leta wimbo."

Mke wangu akarudisha nyuma, tukaketi. Magita yakaanza, mazito, pamoja na yule wa saksafoni aliyekwisha kufa, na mzee akaweka mkono mmoja mgongoni. Kwanza alisikiliza tu. Kisha akaanza kuimba juu ya sauti yake mwenyewe, chini chini, na zikakaa pamoja kama mtu na shati lake. Wimbo ulipokaribia kwenye kuita, betri zikaanza kuishiwa. Kanda ikalegea, gita likazama, sauti ya kwenye redio ikashuka ikawa ya jitu. Mzee akaifuata. Alishuka nayo hatua kwa hatua huku mabega yakimtikisika kwa kucheka, mpaka redio ikaguna mara ya mwisho na kunyamaza.

Yeye hakunyamaza. Alivuta pumzi, akarudi juu, pale pale wimbo ulipokuwa kabla ya kuzama, na akaita. "Maamaa." Bila gita, bila kipaza sauti, kwenye ua wenye kamba ya nguo na madumu ya mafuta ya taa. Ikapanda na ikakaa. Mke wangu alikwisha inuka kabla haijafika juu, na mimi nikavua kofia nikainuka, na jirani mmoja aliyekuwa anachambua mchele akatutazama, akainuka naye bila kujua kwa nini.

Alipomaliza alijifuta uso kwa kiganja, akaketi kizingitini. Mke wangu akaketi. Jirani akarudi kwenye mchele wake.

"Siku ile," mzee aliniuliza, "kama ningeimba tu kawaida yangu, mungesimama?"

Nilitaka kumpa jibu zuri. Nilikuwa nalo mdomoni.

"Wengi wangesimama, mzee," nilisema. "Mimi ningekaa."

Aliitikia kwa kichwa polepole, kama mtu aliyekuwa anajua. Kisha akanitazama kuanzia miguuni mpaka usoni, na hapo ndipo nilipotambua kwamba wenzangu wote walikuwa wameketi na mimi nilikuwa bado wima, kofia mkononi.

"Kaa sasa," aliniambia. "Mkate huo utaukata lini?"